Chunjua ya unyayo haina mzizi wa kung'oa

SWALI: Daktari, mwanangu wa kiume ana miaka minane. Huu ni mwezi wa saba ana chunjua kisiginoni. Tulipaka dawa ya asidi kutoka duka la dawa kwa wiki tatu hivi, ikapungua, kisha ikarudi. Tukabandika utepe wa gundi, wapi. Mwezi uliopita nikamfunga pamba yenye siki usiku. Aliamka analia, ngozi ya pembeni imebabuka. Sasa akiniona nimeshika beseni anakimbia. Baba yake anasema tuikate kwa wembe, tutoe mzizi, yaishe. Shule nayo imemkataza kuogelea mpaka apone. Nifanye nini?

JIBU: Mama, kwanza wembe urudi kabatini. Mengine tutaongea taratibu.

Huo mzizi anaoutafuta baba haupo. Chunjua yote hukaa ndani ya tabaka la juu la ngozi. Hata ikiwa nene namna gani, inalisukuma tabaka la chini likabonyea, lakini hailipenyi. Ukiibahatisha ikatoka nzima na kuigeuza, utaona chini yake ni laini na mviringo kama kitako cha kikombe. Vile vidoa vyeusi katikati, ambavyo watu huviita mizizi au mbegu, ni vishipa vidogo vya damu vilivyopanda kuilisha chunjua, damu ikagandia humo. Ndiyo maana anayechimba huona damu nyingi akadhani amekaribia penyewe. Alichokifikia ni ngozi nzima ya mtoto. Jeraha la kina kwenye unyayo huacha kovu, na kovu la kisigino hukanyagwa kila hatua, mwaka hadi mwaka. Chunjua ingeondoka, kovu haliondoki. Nimewaona watu wazima waliokuja kwangu na maumivu ya kovu la chunjua iliyochimbwa utotoni, na hao ni wagumu kuwasaidia kuliko mwanao.

Turudi nyuma kidogo tujue tunashindana na nini. Chunjua huletwa na virusi viitwavyo HPV. Jina hilo huwatisha wazazi kwa sababu wamelisikia kwenye habari za saratani ya mlango wa kizazi. Virusi hivi viko aina zaidi ya mia moja, na kila kundi lina mahali pake pa kuishi. Zinazopenda nyayo na vidole ni kama aina ya 1, 2, 4, 27 na 57. Zinazohusishwa zaidi na saratani hiyo ni aina ya 16 na 18, kundi jingine. Chunjua ya kisigino cha mtoto haigeuki kuwa jambo hilo.

Virusi huingia kupitia mikwaruzo midogo isiyoonekana kwa macho, hasa ngozi ikiwa imelowa na kulainika. Kisha hukaa kimya. Kati ya siku ya kuambukizwa na siku ya kuiona chunjua hupita wiki kadhaa, mara nyingi miezi, kwa hiyo usipoteze muda kutafuta nani alimwambukiza. Na ukimya huo ndio unaoifanya iwe sugu. Virusi hivi haviingii kwenye damu, haviui seli kwa vurugu, havileti homa wala usaha. Vinaishi juu juu, mahali ambapo askari wa kinga ya mwili hawapiti sana. Mwili wa mtoto wako una uwezo wote wa kuviondoa. Haujagundua tu kwamba vipo. Siku ukigundua, chunjua ya miezi saba inaweza kutoweka ndani ya wiki chache, na mzazi akaisifu dawa yoyote aliyokuwa anaipaka wiki hiyo. Nusu ya sifa za dawa za chunjua zimepatikana hivyo.

Kabla hujaendelea na dawa, hakikisha kweli ni chunjua. Mketishe mchana penye mwanga na utazame mambo matatu. Mistari ya ngozi ya unyayo, ile inayofanana na alama za vidole: kwenye chunjua hukatika ukingoni, ikazunguka pembeni kama maji yanavyopita jiwe. Kwenye sugu ya kawaida, iliyoletwa na kiatu, mistari hupita juu yake bila kukatika. La pili, ibane kwa vidole viwili kutoka pembeni. Chunjua huuma zaidi ikibanwa hivyo, sugu huuma zaidi ikibonyezwa moja kwa moja. La tatu, vile vidoa vyeusi. Ukiviona baada ya kusugua ngozi ya juu kidogo, basi huna shaka. Watoto wa miaka minane hawapati sugu kwa urahisi, kwa hiyo uwezekano mkubwa ni kwamba umepatia. Ila kumbuka mwiba uliobaki ndani, na kama mnaishi penye funza, funza naye huonekana kama uvimbe mweupe wenye doa jeusi moja katikati, tena huwasha sana na hujitokeza kwa siku chache, si kwa miezi saba.

Sasa swali ambalo wazazi wengi hawaniulizi kwa kuona aibu: je, lazima itibiwe? Hapana. Kwa watoto, takriban nusu ya chunjua huondoka zenyewe ndani ya mwaka mmoja, na kama theluthi mbili ndani ya miaka miwili. Kama haimuumi akitembea, akikimbia na akivaa viatu, kuiacha ni uamuzi halali wa kitabibu, si uzembe. Mwaka 2010 watafiti wa Uholanzi walichapisha jaribio lao: wenye chunjua za nyayo waligawanywa makundi matatu, wengine wakagandishwa kwa baridi kali, wengine wakapaka asidi ya salisiliki, wengine wakaambiwa wasubiri tu. Baada ya wiki 13 waliopona walikuwa kama 30 kwa kila mia kwa kugandisha, 33 kwa asidi, na 23 kwa kusubiri. Ona jinsi namba hizo zilivyokaribiana. Sikwambii hivi nikukatishe tamaa. Nataka ujue kwamba hakuna dawa kali iliyofichwa mahali ambayo wewe umekosa kuipata, na kwamba hukufanya kosa kubwa lolote, ukiacha siki.

Siki niimalize hapa hapa. Siki, kitunguu saumu kilichopondwa, asidi ya betri, utomvu wa mimea inayochoma: vyote huunguza bila kuchagua. Ngozi ya chunjua ni nene na ngumu, ya pembeni ni laini, kwa hiyo anayeungua kwanza ni jirani asiye na hatia. Ndicho kilichotokea. Ngozi iliyobabuka osha kwa maji na sabuni laini, paka mafuta ya mgando, funika, na usimpake dawa yoyote ya chunjua mpaka ifunge kabisa na isiume ukiigusa. Kama ni wiki mbili, iwe wiki mbili. Chunjua haitakimbia.

Ikishafunga, na kama mtoto mwenyewe anasumbuliwa nayo, ushauri wangu ni kurudi kwenye dawa ile ile ya kwanza mliyoiacha. Asidi ya salisiliki ndiyo yenye ushahidi mzuri kuliko zote za kutumia nyumbani. Za maji na jeli huwa na nguvu ya asilimia 12 hadi 26 hivi, za plasta hufika 40. Kwa mtoto wa umri wake anza na ya maji au jeli, kati ya asilimia 12 na 17, usome na karatasi ya ndani kuhusu umri unaoruhusiwa. Kwa walio wadogo sana mfamasia au daktari aulizwe kwanza. Mliitumia wiki tatu. Muda wake wa kawaida ni hadi wiki 12. Mliiona imepungua, mkapumzika, virusi vilivyobaki ukingoni vikajenga upya. Hapo ndipo wazazi wengi huishia.

Lakini muda peke yake hautoshi. Katika miaka yangu kwenye kliniki ya ngozi, nilipowaomba wazazi wanionyeshe wanavyopaka, wengi walikuwa wanapaka dawa juu ya ngozi mfu. Asidi hii haiui virusi. Kazi yake ni kulegeza gundi inayoshikanisha seli za ngozi ngumu ili zibanduke. Ukiipaka leo, kesho juu ya chunjua kuna ganda jeupe lililokufa. Ukipaka tena juu ya ganda hilo bila kuliondoa, dawa ya leo inakula ganda la jana na chunjua iliyo chini haijui kitu. Fikiria mtu anayepaka rangi ukuta bila kukwangua ile inayobambuka.

Kwa hiyo usiku, baada ya kuoga, mguu ulowekwe kwenye maji ya uvuguvugu dakika tano hadi kumi. Uvuguvugu, si moto. Toa kwanza ule utando wa dawa ya jana. Dawa nyingi za maji hukauka zikawa kama ngozi ya plastiki, na utando huo ukibaki unazuia dawa mpya. Kisha sugua polepole sehemu nyeupe iliyolainika kwa msasa wa kucha au kipande cha jiwe la kusugulia miguu. Usugue ile nyeupe tu. Ukiona rangi ya ngozi hai, au mtoto akishtuka, au kidoa cheusi kimoja kikatoa tone la damu, umefika mwisho wa usiku huo: futa, acha, usipake dawa, endelea kesho yake. Msasa huo ni wa chunjua pekee. Usipitishwe kwenye ngozi nzima, usikopeshwe kwa kaka wala dada, na matibabu yakiisha utupwe. Jiwe likigawiwa nyumba nzima linagawa na virusi.

Kausha vizuri, hasa katikati ya vidole. Paka mafuta ya mgando kuizunguka chunjua kama ukuta, ukiacha chunjua yenyewe wazi. Weka tone moja la dawa, lingoje likauke, weka la pili. Kisha funika kwa plasta. Dawa iliyofunikwa huingia vizuri zaidi. Fanya kazi hii mbali na mshumaa, jiko au sigara, kwani dawa nyingi za maji za aina hii hushika moto haraka. Chupa ifungwe mara moja. Ikishakuwa nzito kama asali, nunua nyingine.

Ngozi kuwa nyeupe na kujikunja chini ya plasta ni kawaida. Uwekundu kidogo na kuuma kidogo pia ni kawaida, na inadhaniwa mchokoo huo mdogo ndio unaoishtua kinga ya mwili ikaja kuangalia kuna nini. Lakini akianza kuchechemea au pakichubuka, simamisha siku mbili tatu mpaka patulie, kisha endelea ulipoishia. Kupumzika hivyo hakuharibu kazi. Kinachoiharibu ni kupumzika mwezi.

Sasa huyo mtoto anayekimbia beseni. Kwangu hili ni zito kuliko chunjua yenyewe, maana matibabu ya wiki 12 hayawezekani kwa kumshika mtu kwa nguvu kila usiku. Ameumizwa na siki akiwa usingizini. Ana haki ya kuogopa. Mwambie wazi kwamba siki lilikuwa kosa lako na haitarudi. Usimwahidi kwamba hataumia hata kidogo, mwambie kwamba akisema "basi" utaacha, na akisema, uache kweli, hata kama mmesugua mara mbili tu. Wiki ya kwanza loweka na funika, bila dawa. Wiki ya pili mpe msasa asugue mwenyewe wewe ukitazama. Mtoto wa miaka minane anaweza, na mkono wake mwenyewe haumtishi. Pima chunjua kwa rula kila Jumapili, mwandike pamoja kwenye daftari. Piga na picha. Mabadiliko ya chunjua ni ya polepole mno kuonekana kila siku, na mzazi asiye na picha huacha wiki ya tano akiapa kwamba hakuna lililobadilika.

Utepe wa gundi ule mzito wa kijivu, nao una hadithi yake. Mwaka 2002 jaribio dogo la watu 51 lilionyesha chunjua zimepona kwa asilimia 85 ya waliobandika utepe, dhidi ya 60 ya waliogandishwa. Dunia nzima ikakimbilia madukani. Mwaka 2006 Waholanzi wakaupima kwa watoto 103: baada ya wiki sita walipona 16 kwa kila mia kwa utepe na 6 kwa kiraka cha kawaida, tofauti ndogo kiasi kwamba inaweza kuwa bahati tu. Mimi siupingi. Haumuumizi mtoto isipokuwa wakati wa kuubandua, na unaweza kuutumia kama kifuniko juu ya dawa badala ya plasta, mradi ngozi haichubuki. Usiutegemee peke yake.

Kuhusu kugandisha, wazazi huamini hospitalini kuna silaha kubwa inayosubiri. Naitrojeni kimiminika ina baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, na inauma. Mtoto wa miaka minane aliyekwisha kuogopa beseni atakumbuka siku hiyo. Mwaka 2011 Uingereza walilinganisha kugandisha na asidi ya asilimia 50 kwa watu 240 wenye umri wa miaka 12 na zaidi wenye chunjua za nyayo. Baada ya wiki 12, waliopona kabisa walikuwa 14 kwa kila mia katika makundi yote mawili. Makopo ya kugandisha yanayouzwa kwa matumizi ya nyumbani hufika nyuzi 57 hivi chini ya sifuri, baridi ndogo sana ukilinganisha. Sioni sababu ya kumnunulia. Tena kwenye ngozi nyeusi, baridi huua seli zinazotengeneza rangi na kuacha baka jeupe. Kwenye unyayo halionekani sana, lakini kwa chunjua ya mkono au goti ulikumbuke hilo.

Shule imekosea, ingawa imekosea kwa nia njema. Huduma ya afya ya taifa ya Uingereza, NHS, huwaambia wazazi kwamba mwenye chunjua hahitaji kuacha kuogelea. Afunike kwa plasta isiyopitisha maji na avae kandambili anapotembea kando ya bwawa na bafuni. Nenda na plasta mkononi ukaongee na mwalimu. Nyumbani asichangie taulo la miguu wala soksi na wenzake, asitembee peku bafuni, na asiichokonoe, kwani virusi huhama kutoka kisigino hadi kidole, na kwa anayetafuna kucha hadi pembezoni mwa kucha, mahali pagumu zaidi kutibu. Anayempaka dawa anawe mikono. Zaidi ya hapo msimfanye mgonjwa. Hahitaji sahani yake wala kitanda chake.

Kuna hali ambazo sitaki uendelee nyumbani hata siku moja. Mtoto mwenye kisukari, mwenye ganzi ya miguu au mzunguko mbaya wa damu asiguswe kwa asidi bila daktari. Asiyehisi maumivu hatakuambia dawa imeshika nyama. Vivyo hivyo aliyewahi kudhurika na aspirini, kwani salisiliki ni ndugu yake. Chunjua za usoni na sehemu za siri hazipakwi dawa hii kabisa. Mpeleke pia kama zinaongezeka haraka sehemu nyingi, maana huenda kinga yake iko chini na hilo ndilo linalohitaji kuchunguzwa, au kama pana usaha, joto na uvimbe, au anatembea kwa ncha za vidole kwa maumivu. Na uvimbe wowote unaotoka damu wenyewe, kubadilika rangi au kuenea bila umbo, wa mtoto au wa mtu mzima, uonwe na mtu anayejua ngozi kabla haujapakwa chochote.

Wiki 12 za kazi iliyofanywa hivyo zikipita na rula ikaonyesha ukubwa ule ule, nenda kwa daktari wa ngozi na daftari lako. Yeye ana dawa za nguvu zaidi, za kupaka na za kudunga, na ana kisu cha kupunguza ngozi mfu bila kumtoa damu. Au atakuambia msubiri, na hapo usidhani amekupuuza.

Kujua kama imepona, usiangalie kama imekuwa tambarare. Iliwahi kuwa tambarare wiki ya tatu mkadanganyika. Lowesha, kausha, washa taa, tazama ile mistari ya unyayo. Ikipita moja kwa moja juu ya mahali pale bila kuzunguka, na hakuna kidoa cheusi, acha dawa. Kama bado inakatika hata kwenye ukingo mmoja mdogo, paka wiki mbili zaidi.